Waya kwenye koki: kisa cha kuambizana katika kiwanda cha barafu, Unguja

Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi niliitwa baada ya ajali ya kuvuja amonia, kemikali inayozunguka kwenye mabomba ya mtambo ili maji yagande, nikakaa na wahusika mmoja mmoja, kisha kwa pamoja. Wote wamekisoma kisa hiki kabla sijakitoa, na Ami alinisahihisha mahali pawili.

Mahali na watu

Kiwanda kipo magharibi ya Unguja, karibu na pwani. Kinatengeneza barafu ya magogo kwa ajili ya wavuvi na wachuuzi wa samaki. Ramadhani ikiingia wanaongezeka watu wa majumbani na wauza sharubati, na foleni huanza baada ya adhuhuri mpaka karibu na kufuturu. Wafanyakazi ni 14 kwa zamu mbili.

Fundi wa mtambo ana miaka 61 na kila mtu humwita Ami, hata meneja. Hakusomea chuo; kazi aliipokea kwa fundi aliyemtangulia, naye ameshaifundisha kwa vijana wengi. Umeme unaotoka Bara ulipokatika kisiwa kizima kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Ami ndiye aliyelala na jenereta miezi mitatu ili wavuvi wasikose barafu. Hadithi hiyo nilisimuliwa na watu watano bila kuiuliza. Naiweka hapa kwa sababu bila ya kuijua huwezi kufahamu kwa nini ilikuwa tabu mtu kumwambia Ami kwamba amekosea.

Yupo fundi kijana wa miaka 26, mwenye diploma, aliyepelekwa Bara kwa kozi ya wiki mbili ya mitambo ya amonia. Yupo msimamizi wa zamu, mtu mpole, jirani yake Ami. Yupo mpakiaji wa miaka 22, na karani wa mauzo, mwanamke ambaye meza yake ipo mlangoni.

Oili na koki

Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ikitoka kwenye bomba hugeuka gesi papo hapo, na gesi hiyo hukimbilia penye maji: macho, pua, koo, ngozi yenye jasho. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asivute zaidi ya sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni za hewa kwa wastani wa zamu nzima; ikifika 300 inahesabiwa ni hatari ya papo hapo kwa maisha.

Oili ya kompresa, mashine inayoikandamiza na kuisukuma amonia, huponyoka kidogo kidogo na kuingia kwenye mzunguko wa amonia. Kwa kuwa ni nzito kuliko amonia na haichanganyiki nayo, hushuka chini na kukusanyika kwenye mtungi wa oili. Lazima itolewe kila baada ya muda, na kutoa oili ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi katika mtambo wa namna hii, kwa sababu oili ikimalizika kinachofuata ni amonia yenyewe. Inavyotakiwa, mtungi hufungwa usiungane na mtambo, amonia iliyobaki ndani huachwa ichemke irudi upande wa kompresa, oili ipate joto na ilainike, ndipo koki ya chini ifunguliwe, watu wakiwa wawili.

Miaka miwili kabla ya ajali palikuwa pamefungwa koki ya springi kwenye bomba hilo. Koki hii hufunguka kwa kushikiliwa tu. Ukiuachia mkono wake unarudi na koki inajifunga. Aliyeibuni alimfikiria fundi anayeanguka, anayeitwa, anayekimbia: mkono ukitoka, amonia haitoki.

Ami aliufunga mkono huo kwa waya.

Wiki za kabla

Kijana aliuona waya kwa mara ya kwanza kiasi cha mwezi mmoja na nusu kabla ya ajali. Hakusema kitu. Ami ndiye aliyemwonesha kila bomba lilipo, na alipofiwa na baba yake ni Ami aliyesimamia chakula cha matanga. Alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi akamjibu, "Sasa nani wa kumwambia Ami?"

Hata hivyo msimamizi hakulipuuza. Kikao cha Jumatatu alisema mbele ya wote, "Jamani, vifaa tuvitumie vile vilivyotengenezwa. Mwenye masikio amesikia." Aliamini kwamba ameshasema. Nilipomuuliza Ami kama aliyasikia maneno yale, alisema ndiyo, na kwamba alidhani anaambiwa mpakiaji, aliyekuwa akipasulia barafu kwa spana.

Waya uliendelea kufungwa.

Mara ya pili ilikuwa siku ya mauzo makubwa. Kijana alipita na kukuta koki imefungwa waya na Ami yuko upande wa kompresa. Akaufungua, akatoka nao mkononi mpaka uwanjani, mbele ya wapakiaji na wanunuzi, akasema kwa sauti, "Ami, hii siyo kazi. Iko siku utatuua hapa."

Uwanja ukanyamaza. Ami akauchukua waya, akaukunja, akautia mfukoni. "Mtambo huu, mwanangu, nimeulea wewe hujazaliwa," alisema, akarudi ndani.

Baada ya hapo salamu zilibaki za wajibu tu. Ami aliacha kumwita kijana anapofungua kompresa. Kijana aliacha kuingia chumba cha mtambo kama Ami yumo. Takriban wiki tatu watu wawili pekee wanaoijua amonia katika kiwanda kile hawakusemezana. Wote 12 waliobaki walijua, na hakuna aliyeliona kuwa ni jambo la usalama. Waliliona ni ugomvi wa watu wawili, utapoa wenyewe, tena ni Ramadhani.

Siku yenyewe

Ilikuwa saa kumi na robo, alasiri imeshasaliwa, foleni imetoka nje ya geti. Ami alikuwa akitoa oili peke yake. Oili ilikuwa baridi na nzito, inashuka uzi mwembamba kama asali. Ili iende haraka hakuufunga mtungi upande wa mtambo, akaacha presha iisukume. Mkono wa koki aliufunga waya. Geji ya kompresa ilianza kupanda, akaenda kuiangalia. Kwa hesabu yake hakukaa zaidi ya dakika nne.

Mpakiaji aliingia kuchukua ndoano yake, aliyokuwa akiitundika nyuma ya mlango ule. Wakati huohuo oili ikaisha.

Alichoniambia ni kwamba alisikia mlio kama wa soda inayofunguliwa, ila hauishi, akaona ukungu mweupe chini ya magoti, kisha hakuona tena.

Ami alirudi mbio. Hakuweza kuukaribia waya. Alizunguka akafunga koki ya juu ya mtungi, akiwa na maski ya gesi ambayo kijana alimtupia kutoka mlangoni. Kijana alivuta mpira wa maji akaunyunyiza kwenye ukungu, akikwepa pale amonia ilipolala chini, kwa sababu maji yakiimwagikia amonia ya majimaji huifanya ichemke zaidi. Haya waliyafanya bila ya kusemezana neno, na waliyafanya vizuri.

Mpakiaji alitolewa nje akishika macho. Meneja alishawasha gari ampeleke hospitali. Karani wa mauzo akasimama mbele ya mlango wa gari: "Maji kwanza! Haondoki mtu hapa." Akamlaza mpakiaji kichwa kwenye mapaja yake, akamfungua kope kwa vidole na kumwagia maji ya bomba dakika 20. Kima cha chini ni dakika 15. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho la kulia. La kushoto limebaki na kovu dogo, na mwanga mkali humwumiza mpaka leo.

Alichotaka meneja

Usiku ule meneja aliandika barua mbili: ya kumsimamisha kazi Ami, na ya kumpongeza kijana. Namwelewa. Alikuwa ameogopa, na barua humfanya mtu ahisi kuwa amefanya kitu.

Msimamizi ndiye aliyemzuia. Alimwomba siku tatu, na sababu aliyoitoa ilikuwa nyepesi lakini ya kweli: "Tukimwandikia Ami leo, hatutajua kwa nini alifunga waya. Na atakayekuja baada yake atafunga vilevile." Mimi niliongeza jambo la sheria. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na jukumu la kuifanya sehemu ya kazi iwe salama ni la mwajiri. Kumwondoa fundi kusingeliondoa jukumu hilo.

Daftari

Nilikaa na Ami siku ya pili, baada ya tarawehe, kwenye baraza ya nyumba yake. Sikuanza na waya. Nilimwambia, "Ami, nifahamishe kazi ya kutoa oili inavyokwenda, tangu mwanzo."

Alinyoosha mkono wa kulia akauonesha. Kidole gumba hakinyooki vizuri. Springi ile, alisema, ni ngumu, na oili ikiwa baridi inachukua karibu saa nzima kushuka. Hakuna binadamu anayeshikilia saa nzima. Kuuacha mtungi upate joto kunataka mtambo usimame, na kila akiomba usimame anaambiwa wateja wapo nje. Na wakati ameshikilia koki, geji ya kompresa iko ukuta wa pili, haioni.

"Ulimwambia nani?"

Hakujibu. Asubuhi alinipeleka kwenye daftari la zamu. Ni daftari kubwa la mistari, gamba lake jeusi limelainika kwa mafuta ya mikono. Kurasa zimegawanywa kwa rula: kushoto "Tatizo", kulia "Hatua iliyochukuliwa". Alifungua nyuma miezi saba. Kwa mwandiko wake wa kulala, kalamu ya buluu: *Oili haitoki, springi nzito. Nahitaji mtu wa pili.* Miezi minne mbele yake: *Oili. Mtu wa pili.* Mara ya mwisho, wiki tano kabla ya ajali, neno moja tu: *Oili.*

Upande wa kulia mara zote tatu ulikuwa mtupu.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. Kiwanda kizima kilikuwa kimeniambia kwamba Ami ni mtu asiyeambilika. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa akisema kwa miezi saba, na kila mara alisema maneno machache zaidi.

Yaliyofanyika

Meneja alizichana barua. Kwenye kikao cha wote alilisoma daftari mwenyewe, mistari mitatu, kisha akasema, "Haya yalikuwa yangu kujibu, sikuyajibu." Nilimwomba aseme hivyo na sikuwa na hakika kama angeweza. Alisema.

Ami alipewa onyo la maandishi kwa waya, maana waya ulikuwa ni kosa na yeye hakukataa. Alikwenda nyumbani kwa mpakiaji kumwomba radhi.

Kijana alikwenda kwa Ami pamoja na msimamizi. Tulizungumza naye kabla nini cha kuombea radhi na nini asiombee. Alisema, "Ami, nilikosa kukusema mbele za watu, na neno la kuua halikuwa la kukwambia. Ila waya sikukosea." Ami alimjibu, "Waya hukukosea." Wakanywa chai. Mengi zaidi hawakusema, na sikuona kama yalihitajika.

Kazi ilibadilishwa hivi: oili hutolewa na watu wawili, mtambo husimamishwa usiku mmoja kabla ili mtungi upate joto, springi imebadilishwa, na geji ya pili imefungwa mahali anapoionea aliyeshika koki. Daftari husainiwa na meneja ndani ya siku moja, hata kama jibu ni "bado". Na likachaguliwa neno moja: "Simama." Yeyote akilisema, mkono unaacha unachofanya. Haulizwi sababu hapo, na hasemwi mtu hapo. Maelezo ni baadaye, kando, wawili au watatu.

Uchambuzi

Naanza na fumbo, kwa sababu ndilo linalotuhusu zaidi sisi watu wa visiwa hivi. Tumelelewa kusema kwa kuzunguka. Tuna kanga za kutusemea na mafumbo ya kumfikishia mtu bila ya kumtaja. Ni adabu nzuri, inawawezesha watu kuishi ukuta kwa ukuta miaka 50 bila ya kuumizana. Lakini fumbo linampa anayeambiwa nafasi ya kuchagua kama linamhusu, na mbele ya amonia nafasi hiyo haipo. Msimamizi aliposema "mwenye masikio amesikia" kila mtu alisikia, na Ami alisikia la mpakiaji. Angemwita pembeni na kumwambia, "Ami, koki ya oili imefungwa waya, nimeambiwa na naogopa, kwa nini?", pengine daftari lingefunguliwa siku hiyo.

Kijana naye alikimbilia upande wa pili kabisa. Alichokisema kilikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa mahali, hadhira na mlengwa. Maneno yalihama kutoka kwenye waya yakamwendea mtu: *utatuua*. Ami hakuwa na cha kujibu kuhusu waya kwa sababu hakuulizwa habari za waya, aliambiwa habari za nafsi yake mbele ya wauza samaki. Akajibu habari za nafsi yake. Kijana mwenyewe aliliona hili bila ya mimi kumwambia. Alisema angefanya kitu kimoja tu tofauti: angekwenda upande wa kompresa na kusema, "Ami, rudi kwenye koki, geji naiangalia mimi." Naliona ni jawabu bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Katika kazi za mikono, ukosoaji wenye mkono wa kusaidia ndani yake hupokelewa na watu ambao hawapokei maneno.

Mambo mawili yalichanganywa tangu mwanzo mpaka siku ya ajali: kusimamisha kazi, na kumnasihi mtu. La kwanza halina siri wala mkubwa. Linasemwa hapohapo, na yeyote. La pili linataka faragha na utulivu. Kiwanda kile kilifanya kinyume chake. Kusimamisha kazi kulicheleweshwa kwa heshima, kisha nasaha ikatolewa uwanjani kwa sauti.

Mtazame karani. Alimzuia meneja, bosi wake, mbele ya watu wote, na meneja akazima gari. Hakuna aliyesema amevunjiwa heshima. Maneno yake yalikuwa mawili, yanahusu maji, na hayakumgusa meneja. Ndiye aliyetupa mfano wa "Simama", ingawa wakati huo hatukujua kama tunachukua kwake.

Kuhusu kupokea, wengi hudhani ni suala la tabia, fulani anaambilika na fulani haambiliki. Daftari linanifanya nisikubali. Mtu aliyesema mara tatu bila ya kujibiwa anajifunza kwamba maneno katika sehemu ile hayana kazi, na somo hilo analitumia pia kwa maneno anayoambiwa yeye. Meneja asiyejibu daftari alikuwa akimfundisha Ami, mwezi baada ya mwezi, namna ya kupokea maneno ya kijana.

Kuna lililonisumbua ambalo sikulipatia dawa. Zile wiki tatu za kununiana, watu 12 walikuwa wakiona. Mafundi wawili wasiosemezana katika mtambo wa amonia ni hitilafu sawa na koki inayovuja, lakini daftari halina mstari wa kuiandika. Nilipendekeza msimamizi awe na ruhusa ya kutowapanga zamu moja mpaka wakae wazungumze. Amekubali, hajaitumia bado.

Ilipofikia

Miezi sita baadaye neno "Simama" lilikuwa limetumika mara nne. Mara moja halikuwa na sababu, mpakiaji aliogopa mvuke wa kawaida. Alishukuriwa, na ilikuwa sahihi kumshukuru. Mara moja lilitumiwa na mtu kumkomoa mwenzake waliyekuwa na lao. Meneja alihofia hilo tangu mwanzo. Waliitwa wote wawili kando, ikaisha. Sikuona kuwa ni sababu ya kulifuta neno. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuwa ipo. Hautaki awe amethibitisha kwanza.

Mtu wa pili aliondolewa kwenye kazi ya oili mara moja, siku ambayo boti nyingi zilirudi pamoja. Ami alikataa kufungua koki mpaka arudishwe.

Nilipokwenda mara ya mwisho nililifungua daftari. Mstari wa chini kabisa ulikuwa na mwandiko nisioujua, mkubwa, wa mtu asiyezoea kuandika: *Bomba la kuoshea macho maji hayatoki.* Ulikuwa wa mpakiaji. Upande wa kulia ulikuwa bado mtupu, na saa ilikuwa tisa. Nililichukua daftari nikalipeleka kwa meneja, nikasimama mezani kwake mpaka alipoinuka kwenda kulitazama bomba.